Shusha Kwa Koplo: mwongozo kamili wa kukipa kituo cha barabarani jina la askari aliyefia kazini

Panda daladala pale stendi ya Kange, hapa Tanga, uelekee mjini, kisha msikilize konda. Hasomi bango hata moja. Anataja mwembe uliokatwa zamani, duka ambalo mwenyewe keshahama, mashine isiyosaga tena. Abiria wanamwelewa, wanashuka. Masikio ya mkoa huu yamezoea: Handeni kuna Kwamsisi, Kwamatuku na Kwamkono, njia ya Segera kuna Michungwani, na hapa Ngamiani mitaa tumeihesabu kwa namba, Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja, wala hakuna anayepotea. Jina la mahali hukaa mdomoni. Kibao huja baadaye, kama kitakuja.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaotaka kumuenzi askari aliyefia kazini huanza na kibao. Wanachanga, wanamwita fundi, wanasimika Jumapili, wanapiga picha. Mwezi haujaisha kibao kimeng'olewa na mwenye barabara, au kipo lakini hakuna anayelitaja jina. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya watu saba iliyohangaikia kituo kimoja cha daladala hapa Tanga kwa mwaka mmoja na miezi minne. Miezi saba kati ya hiyo ilipotea bure, nami nitaeleza ilivyopotea ili nyinyi msiipoteze.

Chagueni kitu kinachotumika

Kando ya barabara kuna vitu vingi vinavyoweza kubeba jina: banda la abiria, benchi chini ya mti, kisima au tangi la maji, kivuko cha wanafunzi, maegesho ya malori, choo cha umma. Ushauri wangu ni kwamba msijenge mnara. Mnara hauna kazi, na kitu kisicho na kazi hakiitwi jina. Watu wa pwani wanaijua sadaka jaria, ile ambayo thawabu yake humfuata marehemu kaburini kila mtu anaponufaika nayo. Kivuli na maji vimo humo. Mkieleza hivyo kwenye mkutano, hata mzee aliyekuja kupinga ataanza kuuliza bati ngapi.

Choo kilitugombanisha. Mmoja wetu, dereva mstaafu wa mabasi, alisema kinachohitajika barabarani kuliko vyote ni choo, na alisema kweli. Lakini jina la marehemu juu ya mlango wa choo kilichojaa ni tusi, na familia ndiyo itakayolibeba. Kama kuna mhudumu anayelipwa kila mwezi na maji yapo, sawa. Kama hakuna, kijengeni choo bila jina na jina mlipeleke kwenye banda.

Halafu kuna swali la wapi. Mazoea ya watu wengi duniani ni kuweka alama pale alipoanguka. London, askari Yvonne Fletcher alipopigwa risasi nje ya ubalozi wa Libya tarehe 17 Aprili 1984, mwongozaji wa filamu Michael Winner alianzisha mfuko wa kuwakumbuka askari wa namna hiyo, na jiwe la kwanza likawekwa palepale St James's Square, likazinduliwa na Margaret Thatcher tarehe 1 Februari 1985. Ni utaratibu mzuri kwa mji ambao familia haiishi hapo. Sisi tulipomuuliza mjane wa koplo wetu, alijibu, "Msiniwekee pale. Pale napita kila siku nikienda sokoni, nafumba macho. Wekeni alipokuwa anasimama." Alikuwa anasimama kwenye njia panda ya shule, asubuhi, akivusha watoto. Hapo ndipo kilipo kituo leo. Kama mna nafasi ya kuchagua, chagueni alipofanyia kazi.

Familia kabla ya ofisi yoyote

Hapa msiwe na haraka. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, mjane yumo katika eda kwa miezi minne na siku kumi, na si adabu kumpelekea karatasi za kusaini. Kwa wengine subirini walau arobaini ipite. Nendeni watu wawili, mmoja awe mwanamke mtu mzima, na mwende kwa kupitia mtu wa ukoo, si kwa kupitia kazini kwake.

Familia maana yake si mjane peke yake. Wapo wazazi, wapo watoto wakubwa, na pengine yupo mke wa pili upande wa Muheza ambaye kamati haikumjua. Ulizeni mapema, kwa upole, nani wengine wanapaswa kusikia. Jambo hili likiibuka siku ya uzinduzi, mbele ya mkuu wa wilaya, hakuna anayeweza kulizima.

Ridhaa iwe ya maandishi, na mtaje ndani yake mambo manne: jina litakaloandikwa, herufi kwa herufi, kama picha inaruhusiwa (nyumba nyingi za huku hazitaki sura ya marehemu barabarani, na tusibishane nazo), kama tarehe na namna ya kifo vitajwe, na nani wa familia ataitwa kibao kikiharibika au kikihamishwa.

La jina lina mtego wake. Kwenye makaratasi ya kazi askari ana majina matatu, la kwake, la baba na la babu. Nyumbani na mtaani anaitwa kingine kabisa. Mama yake koplo, nyumbani kwake Makorora, alitukaribisha mkekani, akatumiminia kahawa, akasikiliza tunavyomtaja mwanawe kwa majina ya kwenye cheti. Kisha akauliza, "Huyo ni nani?" Tulicheka wote, naye akacheka, halafu akalia. Siku hiyo tuliondoka na majina mawili kwenye daftari, la kuandikwa na la kuitwa.

Jeshi la Polisi

Andikeni barua kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa kupitia kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mkiambatanisha ridhaa ya familia. Ombeni vitu viwili tu: uthibitisho wa jina kamili, cheo cha mwisho na kwamba alifariki akiwa kazini; na kauli kwamba Jeshi halina pingamizi. Msiombe pesa katika barua hiyohiyo. Barua yenye maombi matatu hujibiwa lile gumu kuliko yote, yaani haijibiwi.

Kabla ya barua, kubalianeni nyinyi wenyewe "kufia kazini" ni nini. Trafiki aliyegongwa akiongoza magari yumo bila ubishi. Aliyepigwa risasi na majambazi yumo. Aliyepata ajali na gari la doria usiku? Aliyeugua ghafla akiwa zamu? Sisi tulisema wote wamo ilimradi Jeshi lenyewe limeandika hivyo. Msipoamua, mtaamuliwa na yule mwenye sauti kubwa mkutanini.

Kama kuna kesi mahakamani kuhusu kifo hicho, kibao kiseme "alifariki akiwa kazini" kikomee hapo. Msiandike nani alimuua wala kwa nini.

Wakiwa wengi waliokufa pamoja, kama wale askari 8 walioshambuliwa Mkengeni, Kibiti, tarehe 13 Aprili 2017, msichague mmoja kwa sababu ni wa kwenu na kuwaacha wenzake. Yaandikeni majina yote kwenye jiwe, na kituo kipate jina moja la kuitwa, mfano Askari Wanane. Konda atalimudu.

Barabara ni ya nani?

Hapa ndipo miezi yetu saba ilipolala. Tulidhani kwa kuwa kituo kipo mjini, mambo yote yanaishia mjini. Tukapeleka barua ofisi moja, wakaipokea, wakaigonga muhuri, wakatuambia tusubiri. Tulisubiri kwa heshima zote. Mwezi wa saba kijana wa masjala akatuambia kwa huruma, "Wazee, hii barabara si yetu."

Kwa hiyo jueni hivi. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na ofisi mnayoitafuta ni ya Meneja wa Mkoa. Barabara za mitaa, za wilaya na za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Lami ndefu ya kutoka Segera kupita Muheza na Pongwe hadi Tanga na Horohoro ni ya TANROADS hata inapopita katikati ya nyumba zenu. Kichochoro kinachoingia humo huenda ni cha TARURA. Upana wa barabara haukuambii kitu, wala lami haikuambii. Muulizeni mtendaji wa kata, kisha mhakikishe kwenye ofisi mojawapo kabla ya kuandika.

Halafu kuna hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Chochote mtakachosimika humo bila kibali cha maandishi, hata kiwe kitakatifu kiasi gani, kinaweza kupigwa X nyekundu ya kubomolewa kama nyumba ya mtu yeyote. Katika ombi lenu chorani mchoro mdogo: kituo kilipo, kibao kitakapokaa, umbali kutoka ukingo wa lami, urefu wake. Onyesheni kwamba hakizibi alama ya barabarani wala hakimzuii dereva anayetoka njia ndogo kuona magari yanayokuja. Kisifanane na alama za barabarani kwa rangi wala umbo. Lingekuwa jambo la aibu kibao cha trafiki kisababishe ajali.

Mtaa, kata, baraza

Mkutano mkuu wa mtaa kwanza, halafu Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu halmashauri. Muhtasari wa mkutano wa mtaa, wenye orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, ndio unaofungua milango mingine yote, kwa hiyo mwandishi wa mkutano awe mtu anayeandika vizuri.

Jiandaeni kwa atakayesimama na kusema, "Polisi? Hao walionibambikia kesi?" Kwetu alisimama, kijana wa bodaboda, na hakuwa mjinga. Mwenyekiti alitaka kumkalisha. Nadhani tungekosea. Tulimwacha amalize, kisha mama mmoja muuza vitumbua akasema, "Mwanangu, hatuliombei jina jeshi zima. Tunamwombea huyu aliyewavusha wanetu." Kijana akakaa. Baadaye kijiwe chao kilichangia mifuko miwili ya saruji. Mkutano wenu mkiuzungushia huyo mmoja, mtavuka. Mkiugeuza kuwa mkutano wa kulisifia jeshi, mtapoteza watu, na pengine mtastahili kuwapoteza.

Ombeni jina la kituo, msiombe kubadilisha jina la mtaa. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, majina ya barabara na namba za nyumba yameingizwa kwenye mfumo wa taifa, na kuyabadilisha ni kuwabadilishia watu anwani zao. Mwombeni mtendaji aangalie kama jina lenu halipo tayari kwenye kata au kata jirani.

Tazameni pia kalenda. Mabaraza ya madiwani huvunjwa kabla ya uchaguzi mkuu, na ajenda ndogo kama yenu hulala mpaka baraza jipya lizoee viti. Tena kampeni zikianza, kila mgombea atataka kukizindua kituo chenu.

Jaribio la konda

Dar es Salaam, makutano ya Ubungo yalipewa jina la Kijazi mwezi Februari 2021, na daraja la juu la Tazara lina jina la Mfugale. Ni majina ya watu wenye heshima zao, yameandikwa kwa herufi kubwa. Lakini nenda kasimame stendi usikilize: "Ubungo, Ubungo!", "Tazara!" Lawama si ya konda. Pale palikuwa na jina fupi tayari, na jina jipya lilikuja na cheo chake na neno la kigeni mkiani.

Kwa hiyo tulikwenda Kange na majina matatu kwenye karatasi. Konda wa kwanza alipolisoma lile refu, "Kituo cha Kumbukumbu ya Koplo" kikifuatiwa na majina matatu, alitutazama. "Mzee, nikimaliza kulisema hilo, abiria keshapitiliza." Wa pili alisoma jina la baba peke yake, akatuambia kuna duka la jina hilo njia ya Pongwe, watu watachanganya. Wa tatu hakusoma karatasi. Alituuliza ni nani huyo, tukamweleza, akasema, "Aah, yule koplo wa shule! Si mseme tu Kwa Koplo."

Likawa hilo. Familia ilisita kidogo kwa sababu jina lake halimo. Tukakubaliana jina kamili likae kwenye jiwe, watu walisome wakisubiri gari, na "Kwa Koplo" liwe la kuita. Fanyeni jaribio hili kabla ya kupeleka jina kwenye kikao chochote. Silabi nne au tano zinatosha. Na msiogope cheo: koplo, sajenti, afande, ni maneno ambayo watu wanayo tayari.

Jiwe, si bati

Tanga ina chumvi hewani. Bomba la chuma lililopakwa rangi huanza kutoboka masika ya pili. Na hata lisipotoboka, wapo wanunuzi wa vyuma chakavu. Bango la bati au aluminiamu, hata likiwa na jina la askari, kwao ni kilo. Sisi tulimimina zege, saruji inatoka hapo Pongwe, na herufi tukazichimba kwenye bamba la tarazo lililopachikwa ukutani mwa banda. Hakuna wa kuliuza.

Msomaji wa jiwe ni mtu anayesubiri gari, kwa hiyo herufi za sentimita tatu zinamtosha. Kwa jina fupi la juu ya banda, linalosomwa na dereva, hesabu ni nyingine: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Herufi ya sentimita 10 inasomeka kutoka mita 40 hivi, yaani dereva ana kama sekunde tatu. Zinatosha maneno mawili. Hazitoshi matatu.

Maneno ya jiwe letu, nikiacha jina, ni haya:

KWA KOPLO
Hapa alisimama kila asubuhi
Koplo Fulani bin Fulani
wa Jeshi la Polisi,
akivusha watoto wa shule.
Alifariki akiwa kazini.

Hakuna "shujaa", hakuna "daima tutakukumbuka". Yaliyoandikwa ni yale aliyoyafanya.

Bamba la kwanza lilikuja na "Alifarika". Fundi aliandika alichoandikiwa, na aliyeandika kwenye karatasi ni mimi. Nililipia la pili. Kabla herufi hazijachimbwa, ziandikwe kwa penseli kwenye bamba lenyewe, kisha mtu wa familia aje apitishe kidole herufi moja moja akisoma kwa sauti. Ndugu yake mdogo alifanya hivyo kwenye bamba la pili, magoti chini kwenye karakana, vumbi la marumaru mpaka kwenye nyusi.

Pesa

Msitegemee bajeti ya serikali. Hata California, ambako Bunge la jimbo hupitisha azimio la kuipa sehemu ya barabara kuu jina la askari aliyeuawa, mabango hulipiwa kwa michango isiyotoka serikalini. Changieni mtaani, wekeni pesa mikononi mwa watu watatu wasio ndugu, bandikeni hesabu kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Mfadhili akitaka nembo ya duka lake iwe juu ya jina, mshukuruni na mrudishieni pesa yake.

Uzinduzi ufanyeni mfupi, asubuhi, kabla jua halijachoma. Sheikh na padri, dua na sala, mwakilishi wa Polisi, na mtoto mmoja wa marehemu afungue kitambaa. Msifunge barabara.

Mwaka wa pili

Banda linaanza kufa mwaka wa pili. Bati linalegea, mtu anabandika tangazo la mganga, mwingine anaegesha mkokoteni wa machungwa mbele ya jiwe. Kwenye barua ya kibali andikeni nani anafagia, nani anapaka rangi na lini. Kwetu ni kijiwe cha bodaboda, nao wanapata haki ya kukaa kivulini. Mpango huo haukuwa kwenye mwongozo wowote, lakini mpaka leo sijaona mahali pengine panapofagiwa kila siku bila posho.

Na barabara hupanuliwa. Waulizeni wa Tanga–Pangani, ambako lami ilipofika, vilivyokuwa kando havikubaki. Siku greda litakapofika kwenu, waliokuwa kwenye kamati huenda hawapo. Kwa hiyo ombeni sentensi moja iingie kwenye kibali chenu tangu mwanzo: kwamba kituo kikivunjwa, jina litahamia kwenye kituo kipya kilicho karibu zaidi, na bamba litang'olewa zima, kwa mikono, na kukabidhiwa familia mpaka ukuta mpya utakapokuwa tayari.